Makumbusho ya Lamu na Amana Tuliyoachiwa

Wako watu hapa kwetu pwani wasemao kwamba jumba la makumbusho ni nyumba ya vitu vilivyokwisha kazi, na kwamba Muislamu hana faida ya kwenda kutazama viti na mitungi ya watu waliokwisha kufa. Maneno haya nimeyasikia barazani mara nyingi, hata kwa watu wenye elimu. Yafaa tuyapime kwa uadilifu, wala tusiyakubali au kuyakataa kwa pupa.

Kwanza tuijue tarehe yake. Makumbusho ya Lamu yamo katika nyumba ya ghorofa iliyoko ukingoni mwa bahari, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Katika siku za ukoloni walikaa humo maofisa wa serikali ya Kiingereza, na mwananchi hakupanda ngazi zake ila kwa shida au kwa kuitwa. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyumba hiyo ikafunguliwa kuwa makumbusho. Nyuma yake, katikati ya mji, iko Ngome. Ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, yapata mwaka 1813, ikamalizika mwaka 1821. Tangu 1910 hadi 1984 ilikuwa jela, kisha ikatiwa mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2001 mji wa kale wote wa Lamu ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Tazama basi, ndugu msomaji, jinsi kuta zilizokuwa za amri na kifungo zilivyogeuka kuwa mahali pa kusomea. Jengo halina tabia yake lenyewe. Hupata heshima au aibu kwa kazi wanayolitumilia watu.

Ndani ya makumbusho hayo ziko siwa mbili mashuhuri: siwa ya Pate, iliyofanywa kwa pembe za ndovu na kuzidi kimo cha mtu, na siwa ya Lamu, iliyofanywa kwa shaba. Hizi zilipulizwa katika arusi na sherehe za watu wakubwa, na mji mzima ukajua kuwa kuna jambo. Leo zimetulia kimya. Je, huku si kufa? Mimi nasema, la. Kitu kilichohifadhiwa huwa ni shahidi. Mtoto akiambiwa kwamba wazee wake hawakuwa na ufundi mpaka alipokuja mgeni kuwafundisha, mpeleke akasimame mbele ya siwa ile, na jawabu atalipata kwa macho yake. Na dini yetu haikutukataza kuzingatia khabari za waliotutangulia, bali imetuhimiza.

Lakini hapa ndipo penye jambo kubwa, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Makumbusho yaweza kuweka kitu, hayawezi kuweka ujuzi. Nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti. Chokaa hupatikana kwa kuyapanga matumbawe juu ya tanuri la kuni, kuyachoma, kisha kuyazima kwa maji. Chokaa hiyo huuacha ukuta upumue. Siku hizi mtu akiona ufa hukimbilia saruji, kwa kuwa ni nyepesi kupatikana; saruji huifungia ndani rutuba na chumvi, na ukuta ukaoza kidogo kidogo huku mwenyewe akidhani ameutibu. Basi mafundi wa chokaa na wachongaji wa nakshi wakiisha, hata nyumba ya makumbusho yenyewe itatengenezwa na nani?

Miaka michache iliyopita niliitwa kugawa mirathi ya mama mmoja aliyeacha mwana mmoja na mabinti wawili. Hesabu ilikuwa nyepesi: mafungu manne, mwana mawili, kila binti moja. Nyumba ndiyo iliyokuwa nzito. Ilikuwa kongwe, ina ukuta wa zidaka na mlango wa nakshi, na dari imeanza kulegea. Alikuwako mnunuzi aliyeutaka mlango peke yake. Mwana akasema, "Maalim, mlango wagawika kwa fedha, nyumba haigawiki." Binti mdogo akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, ukiuza mlango, tutafunga nini usiku?" Hakuna aliyecheka. Mwisho walipatana kupangisha vyumba vya chini, na kodi yake imlipe fundi wa chokaa kabla ya wao kugawana kilichobaki. Kazi hiyo haijaisha mpaka leo, lakini mlango uko pale pale.

Simlaumu mwenye kuuza mali yake kwa kumtibu mgonjwa au kulipa deni. Mali ni yake na biashara ni halali. Wala sheria ya mirathi si ya kulaumiwa, kama wasemavyo wengine, kwamba ndiyo ibomoayo majumba. Sheria humpa kila mtu haki yake, wala haikuwazuia warithi kupatana. Kinachobomoa majumba ni kutopatana.

Kwa hivyo nawausia wazazi na walimu wenzangu mambo mawili. Tuwapeleke watoto makumbusho, na tuwaeleze kile wanachokitazama. Kisha tumtafute fundi mzee aliyebaki mtaani, tumkabidhi kijana mmoja ajifunze kwake, na fundi alipwe ujira wake kwa ukamilifu. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutunza amana, na awarehemu waliotujengea. Amin.