Nyumba Kubwa za Chaco

Mahindi unayolima asili yake ni bara la Amerika. Nataka nikueleze habari za wakulima wa mahindi wa huko, ambao majumba yao nimeyaona kwa macho yangu.

Mahali penyewe panaitwa Chaco. Ni korongo pana katika jimbo la New Mexico, nchini Marekani. Barabara ya kwenda huko ni ya vumbi. Ukifika, unaona mchanga, vichaka vifupi, na majabali yaliyosimama kama kuta. Mto wa kudumu hakuna.

Hapo Wapueblo wa kale walianza kujenga nyumba kubwa za mawe karibu na mwaka 850. Kubwa kupita zote inaitwa Pueblo Bonito. Ilikuwa na vyumba zaidi ya 600, na upande wa nyuma ilifika ghorofa nne. Milango yake ni midogo; nilipita nimeinama. Kuta ni za mawe bapa yaliyoshikizwa kwa udongo. Saruji hakuna.

Sasa fikiri, boriti zilitoka wapi? Nyingi zilitoka milimani, mwendo wa kilometa 75 na zaidi. Watu hao hawakuwa na punda, wala ng'ombe, wala gurudumu. Walikata miti kwa shoka za mawe, wakaibeba wenyewe. Wataalamu wanakadiria kuwa miti zaidi ya 200,000 ilitumika Chaco. Hesabu hiyo sikuiamini, mpaka nilipoona matundu ya boriti ukutani, safu juu ya safu.

Na maji je? Walitegemea mvua. Ilipomiminika kutoka majabalini waliikinga kwa kuta na mifereji, wakaipeleka kwenye mahindi, maharage na maboga. Nadhani mkulima wa Dodoma atawaelewa watu hawa kuliko profesa.

Kuanzia kama mwaka 1130 ukaja ukame wa miaka karibu 50. Ujenzi ulisimama. Watu wakahama kidogo kidogo, wakafuata maji. Vitabu vya zamani viliandika kwamba walitoweka. Si kweli! Wajukuu wao, kama Wahopi na Wazuni, wapo hadi leo na wanalima mahindi. Kwao Chaco ni nyumbani kwa wazee wao, na huenda huko kuomba.

Lakini kuanzia mwaka 1896 wachimbaji walifukua Pueblo Bonito. Walichukua vyungu, hata mifupa ya watu, wakavipeleka kwenye makumbusho ya New York. Je, mifupa ya babu yako ikiwekwa kabatini katika mji wa mbali, wewe ungesemaje? Mwaka 1907 serikali ililifanya korongo hilo kuwa hifadhi. Sheria ya kurudisha mifupa kwa wenyewe ilikuja mwaka 1990.

Njiani niliona kigae cha chungu, cheupe, chenye mistari myeusi. Ruhusa ni kukitazama tu. Kukiokota ni marufuku.