Kioo Husimama kwa Maungio

Kila inapokumbukwa safari ya kioo kutoka dirishani na mezani hadi kuwa sanamu ndefu kumzidi mtu, sifa humwendea mpulizaji na pumzi zake. Naamini sifa hiyo inampita aliyeistahili zaidi, yaani fundi wa kuunganisha. Mwaka 1962, huko Toledo, Ohio, Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi, aliendesha warsha mbili zilizoonyesha kwamba msanii anaweza kuyeyusha kioo katika tanuri dogo, nje ya kiwanda. Yalikuwa mapinduzi, lakini ukubwa wa kazi haukuvuka kile ambacho mikono ingeweza kukibeba kwenye ncha ya bomba. Kumimina kipande kimoja kinene nako kuna gharama: diski ya darubini ya Palomar, yenye kipenyo cha mita 5, ilimiminwa mwaka 1934 na kupoozwa kwa takriban miezi 10. Kioo kinene kikipoa haraka, sehemu ya nje hutangulia kukaza, na mkazo unaobaki ndani hukipasua.

Njia ikafunguliwa na vipande vingi. Dale Chihuly, mwanafunzi wa Littleton, alikwenda Murano, Italia, mwaka 1968 akaona mafundi wa kioo wakifanya kazi kwa kushirikiana. Ajali ya mwaka 1976 ilimpofusha jicho la kushoto, na jeraha la bega la mwaka 1979 likamfanya aache kushika bomba. Katika minara yake ya miaka ya 1990, kila kipande hupulizwa na kupoozwa peke yake, kisha hufungwa kwa waya kwenye kiunzi cha chuma. Kikivunjika kimoja, hubadilishwa hicho tu.

Wapo wanaosema kwamba hapo kinachosimama ni chuma, kioo ni vazi tu. Kwa minara hiyo, wana hoja. Lakini kioo ni dhaifu kikivutwa, si kikigandamizwa. Ndiyo maana bamba zake zikipangwa moja juu ya nyingine hubeba uzito wake zenyewe. Wengine hudai kwamba asiyepuliza si msanii. Hao wanasahau kwamba mteremko wa kila kipande, nafasi kati yake na jirani yake, na mahali mwanga utakapopenya, vyote huamuliwa wakati wa kuunganisha. Basi, msomaji, ukikutana na sanamu ya namna hii, yatazame maungio kabla ya rangi.