Macho ya Kuazima

Bwana Mhariri ameniomba niwaandikie wadogo zangu wa shule hii habari za kazi ninayoifanya. Nimekubali kwa furaha, maana nami nilikaa katika madawati hayo hayo, nikamaliza Kidato cha Sita mwaka 2014, na siku zile hakuna aliyenieleza kuwa kazi kama hii ipo duniani. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti ili watu wenye ulemavu, yaani wasioona, viziwi, wasioweza kushika kipanya cha kompyuta na wengineo, wazitumie wenyewe bila kuombaomba msaada. Wengi wakinisikia hufikiri kuwa ni kazi ya huruma. Sivyo. Ni ufundi kama ufundi wa seremala, nami nilianza kuutafuta kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe.

Nina rafiki ambaye tumekua naye mtaa mmoja hapa Ifakara. Alipofuka utotoni kwa ugonjwa wa surua. Alisoma shule ya msingi ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, akajifunza nukta nundu, kisha akaendelea na sekondari huko huko mbali. Wakati wa likizo tulikuwa pamoja kila siku. Mjomba wake alikuwa na shamba la mpunga ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, nasi tulikwenda huko mara nyingi. Daraja lilikuwa bado. Tulivuka Mto Kilombero kwa pantoni. Yeye alisikia injini ya pantoni kabla mimi sijaiona, akaniambia, "Jiandae, inakuja." Nilimshika mkono wakati wa kupanda tu. Mambo mengine yote alijifanyia.

Matokeo yalipotoka mwaka ule, wote wawili tulifaulu. Ikatubidi tuombe nafasi za chuo kwa intaneti, basi tukaenda katika duka moja la kompyuta hapa mjini. Rafiki yangu alitaka kujaza fomu yake mwenyewe, kwani alikwisha jifunza kutumia kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti. Lakini fomu ya chuo alichokichagua ilianza na picha yenye herufi zilizopindwapindwa, na mwombaji alitakiwa azisome na kuziandika ili ithibitike kuwa yeye ni mtu wala si mashine. Programu ile haikuweza kuisoma picha, wala hapakuwekwa njia ya kusikiliza. Basi mtu huyu, aliyenipita mimi katika mtihani wa Taifa, akakataliwa mlangoni kana kwamba si binadamu.

Nikamwambia, "Sogea, nitakujazia." Nikajaza. Siku ile tulikuwa na mpira saa kumi, na muda wote nilikuwa nikitazama saa ya ukutani. Nilipofika ukurasa uliosema kuwa maombi yamehifadhiwa, nikamwambia, "Tayari, ndugu yangu." Sikuteremka hadi chini ya ukurasa. Huko chini palikuwa na kitufe kimoja zaidi, cha kuthibitisha na kutuma. Sikukibonyeza.

Majina yalipotoka, langu lilikuwamo, lake halikuwamo. Tulipouliza tukaambiwa maombi yake hayakutumwa, na muda umekwisha. Yeye akakaa nyumbani mwaka mzima, mimi nikapanda basi la Dar es Salaam. Nilipokwenda kumwomba radhi alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Umekosea, ndiyo. Lakini kama ningekosea mwenyewe nisingeumia hivi. Nimepoteza mwaka kwa macho ya kuazima." Maneno hayo nilikwenda nayo chuoni.

Chuoni nilisomea kompyuta. Kwa miaka mitatu tulifundishwa kutengeneza tovuti zinazopendeza, wala sikumbuki hata siku moja tuliyoulizwa asiyeona atazitumiaje. Mwaka 2018 nikapata kazi yangu ya kwanza hapa Ifakara, tovuti ya mfanyabiashara mmoja wa mchele. Niliipamba kwa picha kubwa za mashamba ya bondeni, na milima ya Udzungwa nyuma yake. Nikamwita rafiki yangu, ambaye wakati huo alikuwa anamaliza ualimu katika chuo kingine, aje aipime. Akaifungua kwa simu yake. Tukasikia sauti ikisema, "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe." Tena maneno ya Kiswahili iliyasoma kwa matamshi ya Kiingereza, hata neno "mchele" hatukulitambua. Yeye alicheka sana. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimemfungia mlango ule ule kwa mara ya pili.

Usiku ule tulikaa hadi saa saba, yeye akisikiliza na mimi nikirekebisha. Nilijifunza kwamba kila picha yenye maana inahitaji maelezo mafupi yaliyoandikwa ndani ya ukurasa, ili programu iyasome. Kila kitufe kinahitaji jina. Vichwa vya habari viwekwe kama vichwa hasa, si maandishi yaliyokuzwa tu, kwa kuwa asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa kama ninyi mnavyopekua kurasa za kitabu. Kila jambo liweze kufanyika kwa kibodi peke yake. Na juu kabisa ya ukurasa, lugha itajwe: herufi mbili tu, "sw", zikiandikwa mahali pake, humjulisha msomaji wa mashine kuwa hiki ni Kiswahili. Herufi hizo mbili ndizo zilizourudisha mchele wetu kuwa mchele.

Mfanyabiashara yule alinilipa fedha kidogo na gunia moja la mchele. Waliofuata walinikatalia. Mmoja aliniambia wazi, "Mimi sina wateja vipofu." Sikubishana naye. Nilimwomba tu atoke nje saa sita mchana, jua la bondeni likiwaka, asome bei zake mwenyewe kwenye simu yake. Maandishi yalikuwa ya kijivu juu ya nyeupe. Hakuweza kusoma hata mstari mmoja. Nikamweleza kuwa ipo kanuni: mwangaza wa maandishi na wa nyuma yake upishane kwa kadiri isiyopungua 4.5 kwa 1. Kanuni hiyo imewekwa kwa ajili ya wenye uoni hafifu, lakini hata mkulima mwenye macho mazima aliyesimama shambani hufaidika nayo. Siku hiyo tukaanza kuelewana.

Kanuni zenyewe huitwa WCAG. Hutolewa na W3C, shirika la kimataifa linaloangalia viwango vya tovuti. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1999, na toleo la 2.2 mwaka 2023. Msingi wake ni mambo manne: ukurasa uweze kutambulika, uweze kutumika, uweze kueleweka, na uwe imara hata ukisomwa kwa vyombo mbalimbali. Msidhani kuwa kazi hii inakaribia kwisha. Shirika la WebAIM la Marekani lilipima kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja mwaka 2025, likaona kuwa zaidi ya 94 katika kila 100 zina kasoro.

Sheria nazo zipo upande wetu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Jirani zetu wa Kenya walitoa kiwango chao cha kitaifa cha mambo haya mwaka 2022. Huko Ulaya, tangu tarehe 28 Juni 2025, sheria inazidai kampuni nyingi zinazouza kwa intaneti zifikiwe na wote. Kwa sababu hiyo fundi aliyekaa Ifakara mwenye kompyuta na mtandao anaweza kupata kazi ya watu wa mbali. Mimi hupata, na ndiyo inayonilipia kodi ya nyumba.

Sasa kwa yeyote kati yenu anayeitamani kazi hii, nasema hivi. Kwanza, jifunze lugha ya HTML vizuri, usiirukie programu inayokufanyia kila kitu. Pili, pakua NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Hutolewa bure. Zima skrini yako, jaribu kusoma habari za siku moja kwa masikio tu; utajua mengi kuliko yaliyo katika vitabu. Tatu, soma Kiingereza kwa bidii, kwani kanuni zimeandikwa kwa lugha hiyo. Na ukishaiva, upo mtihani wa chama cha kimataifa cha mafundi hawa, kiitwacho IAAP, kilichoanzishwa mwaka 2014. Nne, na hili msilisahau, usijisifu kuwa tovuti yako inafaa kabla hajaipima mwenye ulemavu, na umlipe kwa kazi hiyo kama unavyomlipa fundi yeyote. Rafiki yangu ni mwalimu wa Historia sasa, lakini kila tovuti yangu hupita kwake kwanza, na hati ya malipo yake hutangulia yangu.

Wadogo zangu, daraja la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 384, mimi na rafiki yangu tulikwenda kulivuka kwa miguu. Alipitisha mkono wake kwenye kingo toka mwanzo hadi mwisho, wala hakunishika. Mimi nilitembea nyuma yake.

Miaka mitano baadaye aliomba nafasi ya shahada ya pili. Tovuti ya chuo hicho sikuitengeneza mimi. Ilitengenezwa na mtu nisiyemjua, aliyeifanya kazi yake sawasawa. Usiku mmoja simu yangu ikalia. Akaniambia, "Nimeshatuma. Nimeteremka mwenyewe mpaka chini ya ukurasa." Nikakosa la kujibu.

Mwenye kupenda kujifunza na aje kwangu likizo ya Desemba. Kompyuta zipo mbili, na mwalimu wa kwanza atakuwa yeye.