Saa Nne, Umande Haujakauka

Ruaha Mbuyuni tulinunua vitunguu kwa jasho. Basi lilipomaliza kona za Kitonga, nilikuwa nimejitanda kanga ya pili na dirisha nimelifunga. Mimi mtu wa Tanga! Sikujua kuwa ndani ya Tanzania hii hii kuna watu wanaoota moto mchana.

Iringa nilifikia kwa mama mmoja mwenye bustani ya dawa. Alfajiri nikamwamkia "Kamwene", kikapu mkononi, maana kwetu kivumbasi huchumwa kabla ya saa mbili, jua lisije likayafukuza mafuta yaliyo ndani ya jani.

"Subiri, mwanangu. Umande."

Saa tatu, bado. Saa nne ndipo tukaanza. Jani likianikwa na maji yake hugeuka jeusi, likaota ukungu, likawa la kutupa. Alichagua matawi ya mnanaa ambayo hayajachanua, kwa kuwa mmea ukishatoa maua jani hupungua nguvu, na kila shina alilikata theluthi tu. Tangawizi hakuigusa. Majani yake yalikuwa mabichi bado, na tunguu la kukausha hungoja yanyauke, kiasi cha miezi 8 hadi 10 tangu kupandwa.

Kuanika ndiko kulikonifurahisha kuliko yote. Chanja kivulini, majani yametandazwa mojamoja, na ule upepo mkavu niliokuwa nikiulaani unapita chini na juu. Pwani, hewa ya bahari hairuhusu jani kukauka upesi hivyo. Hapa hukauka likiwa na rangi yake na harufu yake.

Kisha Mafinga, Makambako, Uyole, hadi Mbeya, na kutoka hapo milima ya Umalila, kwenye mashamba ya pareto. Ua lake ni jeupe lenye kitovu cha njano, kama sahani ya wali iliyomwagiwa mchuzi wa bizari katikati. Huku ua ndilo linalovunwa: si dawa ya kunywa, ni ya kuulia mbu na wadudu wengine. Wachumaji hutazama kile kitovu. Likiwa tumba, sumu yake ni kidogo, likichakaa, imepungua. Hulitaka limefunguka, safu chache za vijiua vya katikati zikiwa wazi, na kwa kuwa hayafunguki pamoja, shamba lile lile hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu.

Siku hiyo hiyo huanikwa. Maua mabichi yakilala ndani ya gunia hupata joto na kuoza kabla hayajaiona barabara ya kiwandani Mafinga.