Kitabu cha Kuagiza, Kitabu cha Kufuata

Kutoka Mbezi hadi Posta kwa gari ni mafuta, foleni ya Barabara ya Morogoro na hela ya maegesho. Ndiyo maana Rosa Mistika niliiagiza kwa simu. Boda akanifikishia kabla ya magharibi. Sikujilaumu: nilijua ninachokitaka.

Lakini Nagona sikuwahi hata kuisikia. Mzee mmoja muuza vitabu mjini ndiye aliyeichomoa chini ya rundo: “Mwanangu, chukua hiki. Kikikushinda, kirudishe.” Sikukirudisha.

Basi nikajiwekea kanuni: ninachokijua nakiagiza, nisichokijua nakifuata.

Jumamosi nikakifuata. Meza ya mzee haipo. Jirani yake, muuza kahawa, akasema, “Aliacha. Siku hizi si mnaagiza?”

Alisema “mnaagiza”. Hakusema “wanaagiza”.