Sinema Niliyotegemea Kuisinzia

Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwahi kuwachapa wanafunzi waliotoroka bwenini usiku kwenda kuangalia sinema. Nakiri hilo mapema, ili msomaji ajue anasoma maandishi ya mtu wa namna gani.

Filamu ya kwanza ya Black Panther, ya mwaka 2018, niliiona kibandani Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mtafsiri, mmoja wa wale vijana wanaopachika sauti yao ya Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, alimfanya mfalme azungumze kama kondakta wa daladala. Watu walicheka sana. Mimi niliondoka kabla haijaisha. Ufalme wa Kiafrika uliotungwa Marekani, raia wake wakisema Kixhosa ilhali nchi yao imewekwa Afrika Mashariki, ungenifunza nini mzee kama mimi?

Basi Desemba 2023, nilipomtembelea binti yangu Iringa, mjukuu akasema, "Babu, leo tunaangalia sehemu ya pili." Nilikubali kwa adabu tu. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi jioni ile, zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako na Mafinga, na nilitegemea kusinzia.

Sikusinzia. Black Panther: Wakanda Forever, iliyotoka Novemba 2022, inaanza na msiba. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa, alifariki kwa saratani ya utumbo mpana Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Watengenezaji hawakumtafuta mtu mwingine wa kushika nafasi yake. Walimzika mfalme ndani ya hadithi. Watu wamevaa nyeupe, ngoma zinalia, jeneza linapita katikati ya wanaocheza. Mjukuu alishangaa watu kucheza msibani. Nikamweleza kuwa kwetu Unyakyusa, enzi za mababu, vijana walicheza msibani mpaka jasho likawatiririka.

Kisha likaja jambo lililoniketisha wima. Baada ya mwaka, malkia Ramonda anampeleka bintiye Shuri kando ya mto, wakae penye moto, wachome nguo za msiba, maombolezo yafungwe. Shuri anakataa. Hayuko tayari.

Mke wangu alifariki mwaka 2019. Ndugu walipokuja kumaliza matanga na kugawa nguo zake, niliwaambia bado. Sanduku la kanga na vitenge vyake liko chini ya kitanda Mbeya, na ufunguo ninao mimi. Binti yangu aliniomba kanga moja tu ya mama yake. Nikamjibu kwamba tutazungumza. Miaka minne ikapita, hatukuzungumza. Na jioni ile alikuwa ameketi mkekani nyuma yangu, ungo mapajani, anachambua mchele huku akitazama.

Sinema ina kasoro zake. Ni ndefu, inakaribia saa 3, na vita vya wale watu wa chini ya bahari vilinichosha. Nilifurahi kuwaona watu wa kwetu, Lupita Nyong'o, binti wa Kenya aliyezaliwa Mexico, na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala. Lakini nilichokuwa nikikisubiri ni kimoja tu: yule msichana na nguo zake.

Mwishoni kabisa yuko Haiti, peke yake ufukweni, amewasha moto. Anachoma. Hakuna kelele wala mapigano, ni sura ya kaka yake tu inayomjia. Nyuma yangu sauti ya mchele kwenye ungo ilinyamaza. Sikugeuka.

"Babu, umeipenda?" mjukuu akauliza. Nikasema naipa alama 70 kwa 100, na kwamba 30 nimezikata kwa ajili ya bahari.

Alipokwenda kulala nilihamia mkekani, nikasogeza ungo, nikaanza kuchambua mchele, kazi ambayo sikuwahi kuifanya mama yake alipokuwa hai. Nikamwuliza binti yangu likizo yake inaanza lini, na kama anaweza kuja Mbeya na begi tupu.

Alikaa kimya kidogo. "Baba, utanipa kanga ipi?"

Nikamwambia aje achague mwenyewe.