Waya Kati ya Minazi Miwili

Mtaa wa Tudor, Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwa bado na nafasi. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa za chini, na uani hukukosa mnazi, mwembe au kisima. Kwetu minazi mirefu ilikuwa miwili, mmoja karibu na jiko la nje, mwingine ukutani upande wa baharini. Mjomba alipostaafu ubaharia akaja kukaa nasi, hakuingia kwanza kutazama chumba alichotengewa. Alisimama uani, akainua macho juu ya minazi, akapima kwa hatua nafasi iliyokuwa katikati, kisha akamwambia mama, "Dada, hapa pana antena."

Alikuwa afisa wa redio melini. Umri wake mwingi aliumaliza na visikilizio masikioni, akisikiza Morse kwenye kilohezi 500, masafa ambayo meli ziliyatumia kuombea msaada. Alirudi nchi kavu na redio moja ya kurushia na kupokelea, kitufe cha Morse cha shaba, na leseni ya redio ya ridhaa. Jina lake la mwito lilianza na 5Z4, alama ya Kenya. Redio, alisema, mwenye pesa hununua. Antena yataka uitengeneze mwenyewe, kwa sababu hakuna duka linaloujua ua wako.

Hesabu yake niliishika siku ileile na sijaisahau. Chukua 143, gawa kwa masafa ya megahezi, utapata urefu wa waya kwa mita. Ukitaka megahezi 14.2, jibu ni mita 10 na sentimita chache. Kata katikati, kila upande uwe na mita 5. Mama alikuwa mshonaji, na futi kamba yake ndiyo tuliyopimia, sentimita 150 kwa mara moja, mimi nikibana ncha ya waya sakafuni kwa kidole gumba. Waya wenyewe ulitoka kwa fundi wa kusuka mota kule Mwembe Tayari. Mjomba alisisitiza tukate kwa kuzidisha, tupunguze baadaye. Mama akaitikia kutoka kwenye cherehani kwamba hata kitambaa hukatwa hivyo.

Pale katikati waya ulilehemiwa kwenye kebo, uzi wa ndani ukaenda upande mmoja na wavu wa nje upande wa pili. Kiungo hicho ndicho kinachouawa na hewa ya Pwani. Chumvi huigeuza shaba kuwa kijani, na maji yakishapenya huteremka ndani ya kebo, yakifuata wavu, hadi nyuma ya redio. Mjomba alizungusha tepu, akapaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa, akazungusha tepu tena. Dirishani aliiacha kebo ilegee kidogo chini ya kizingiti kabla ya kupanda na kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee nje.

Ubaharia wake niliuona zaidi wakati wa kuupandisha ule waya. Mnazi hautulii. Kusi ya Juni na Julai huuinamisha, na minazi miwili haiinami pamoja, kwa hiyo waya uliofungwa imara ncha zote mbili utakatika tu. Mjomba alikwenda Bandari ya Kale akarudi na gofia mbili za jahazi na kamba iliyokwisha kuzoea jua. Mkwezi akapanda, akazifunga chini kidogo ya makuti. Kwenye mnazi wa jikoni kamba ilifungwa ikaisha. Kwenye mnazi wa pili ilipita ndani ya gofia ikashuka hadi kimo cha mtu mzima, ikaning'iniza debe la mawe. Mnazi ukiinama nje, debe linapanda. Ukirudi, debe linashuka, na waya unabaki umekazika vilevile. Nilikuwa nikikaa chini ya mwembe nikilitazama debe lile likipanda na kushuka bila kuguswa na mtu.

Mkwezi aliuliza kutoka juu, "Mzee, hii kamba yaanikwa nguo?"

"La, ndugu yangu. Hii yafika Uingereza."

Udongo ulitusumbua zaidi kuliko hewa. Mombasa ni kisiwa cha matumbawe, na chuma cha kuingiza ardhini, kile cha kupunguza hatari ya radi, kiligonga mwamba kila tulipojaribu. Mwishowe kilizama kando ya kisima, palipokuwa na unyevu mwaka mzima. Hata hivyo Mjomba hakukiamini peke yake. Masika wingu jeusi likitokea tu, aliichomoa kebo kwenye redio akaitoa nje ya dirisha, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa mpaka mvua iishe.

Antena ya namna hii husikia vizuri ubavuni na vibaya nchani. Minazi yetu ilisimama mashariki na magharibi, basi masikio yetu yalielekea kaskazini na kusini: Uarabuni na Ulaya upande mmoja, Afrika Kusini upande wa pili. Kwa ajili ya Nairobi na Dar es Salaam alitandika waya mwingine wa megahezi 7, mita 20, chini chini juu ya paa la jiko. Waya ulio chini hurusha mawimbi juu, nayo huakisiwa na tabaka la anga na kuangukia jirani, ndani ya kilomita mia kadhaa. Vitabu vingi husifu kimo. Mjomba alisema ujue kwanza unataka kuzungumza na nani.

Mwaka 1989 jua lilikuwa karibu na kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11. Miaka ya namna hiyo tabaka za juu za anga hupata nguvu, na megahezi 28, ambazo wakati mwingine hulala kimya, hufunguka mchana. Waya wa mita 5 na wati 10 vilitosha kuvuka bara. Lakini jua hilohilo lilitufungia pia. Machi 13 ya mwaka huo dhoruba yake ilizima umeme wa jimbo zima la Quebec, Kanada, na kwetu redio ilitoa mvumo mtupu.

Jioni moja ilipita sauti kutoka Muscat, kwa Kiingereza cha kawaida cha wanaredio. Mjomba akajibu, akataja Mombasa. Kimya kidogo, halafu: "Kumbe twaweza kusema Kiswahili!" Alikuwa mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mjini hasa. Swali lake la kwanza lilikuwa kama embe zimeshaiva. Tangu hapo nikaelewa kwa nini Mjomba aliheshimu kila mwito sawasawa. Aliniambia kwamba Sultani Qaboos wa Oman alikuwa na jina lake la mwito, A41AA, na Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa JY1, na hewani nao walisubiri zamu kama mtu yeyote.

Majirani hawakufurahi wote. Mmoja alibisha hodi usiku wa Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho, runinga yake imejaa mistari. Mjomba hakubishana. Alikwenda na ngazi yake, akaikunja kebo yetu mizunguko kadhaa karibu na kiungo, akaweka kichujio nyuma ya runinga ya jirani, na saa za vipindi vya watu hakurusha tena. Mimi huuhesabu ujirani huo kuwa sehemu ya ufundi, kwa sababu antena yako inaishi mtaani na si kwako peke yako.

Minazi ile haipo. Mahali pake pana ghorofa za kupangisha, na vijana wanaokaa humo hudhani mambo haya yalikwisha. Hayajaisha. Oktoba 2024 wanasayansi wa NASA walitangaza kwamba jua limefika tena kipindi cha kilele, na waya wa megahezi 28 unaenea barazani kwenye ghorofa ya tatu. Kutahiniwa Morse, kulikowazuia wengi, hakulazimishwi tena kimataifa tangu mwaka 2003. Kwa hiyo wewe mwenye hamu, pata waya na futi kamba, anza kwa kusikiliza. Ukitaka kurusha, omba leseni kwanza: Kenya ni kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania ni TCRA.